Nani Yuko na Mtoto Saa Tisa Alasiri?

Wazazi wa Mombasa wanaolea watoto wadogo ughaibuni wana swali lisilochoka kuulizwa, iwe wamekutana London, Toronto au Maskati: mtoto huyu tumfundishe nini asije akatupotea? Majibu hayakawii. Kiswahili chake, Kurani yake, kumwamkia mkubwa, kula kwa mkono wa kulia, majina ya mababu. Mimi ni mzaliwa wa Tononoka niliyelea wanangu Uingereza, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba swali hilo linaanza pasipofaa. Kabla ya kuuliza mtoto afundishwe nini, yafaa tuulize yuko na nani. Ni watu wazima wangapi, tangu anapoamka hadi anapolala, wenye ruhusa ya kumlisha, kumwogesha, kumkanya na kumbembeleza bila kumwomba mamake idhini kila mara? Nadai kwamba hesabu hiyo ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya mambo tunayoyahangaikia: lugha, dini, tabia, hata afya ya mama mwenyewe. Na nadai kwamba wengi wetu tunapohama tunabeba desturi zote za nyumbani na kuwaacha watu waliokuwa wakizitenda, kisha tunashangaa kwa nini desturi hizo zinatuchosha.

Tononoka haina umaarufu wa Mji wa Kale. Watalii hawaji kupiga picha milango yake. Ni mtaa wa watu wa kazi, jirani na Buxton, Majengo na Tudor, wenye uwanja, ukumbi, shule na mahakama, na wakazi wa kila kabila la pwani na la bara. Ndani ya mtaa wa aina hiyo malezi ya mtoto mdogo yalikuwa yamegawanywa kwa namna ambayo hakuna mtu aliyekaa kitako akaipanga. Asubuhi mtoto alikuwa wa nyanya yake, kwa kuwa nyanya ndiye aliyeamka kabla ya wote. Akitumwa mahamri na mbaazi, alilindwa na macho ya muuzaji na ya wanawake waliosimama pale. Mchana alikuwa wa halati au wa dada mkubwa, alasiri wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na magharibi wa ami zake waliokaa barazani. Kila mmoja kati ya hawa alikuwa na mamlaka yake. Mama wa jirani aliweza kumwita, kumpa chakula, kumpangusa kamasi na kumkaripia, na asiambiwe kwamba amejitia katika yasiyomhusu. Tunapoyakumbuka haya tukiwa mbali tunapenda kusema kwamba mama zetu walikuwa na subira tusiyokuwa nayo. Sikubaliani. Walikuwa na subira kama yetu, ila waliitumia kwa saa chache kwa siku, kisha zamu ikashikwa na mwengine. Wazee waliposema mkono mmoja haulei mwana walikuwa wakieleza ratiba waliyoiishi. Wala si mambo ya Waswahili peke yao. Watafiti waliokaa na watu wa Efe katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya 1980, waliona kwamba mtoto mchanga wa miezi minne hivi hutumia zaidi ya nusu ya muda wake mikononi mwa watu wasiokuwa mamake. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Sarah Blaffer Hrdy, alijenga hoja katika kitabu chake cha 2009 kwamba binadamu tangu hapo kale ni kiumbe anayekuzwa na walezi wengi. Tukilichukua hilo kwa uzito wake, basi mzazi aliyefungiwa na mtoto ndani ya nyumba ya vyumba viwili ndiye aliye katika hali ngeni kwa binadamu, na uchovu wake si aibu ya kufichwa.

Lakini ushahidi ninaoutegemea zaidi uko Mombasa kwenyewe. Tumezoea kuiona Mombasa kama mahali ambapo watu huondoka. Kwa karne nyingi ilikuwa ughaibuni kwa watu wengine, nao walizaa watoto pale, na matokeo yake tunaishi nayo kila siku. Watazame Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut waliokuja na majahazi wakawa wachukuzi, wauza maji, wauza kahawa, na baadaye wenye maduka. Walikuja wanaume. Wanawake wao, kwa desturi ya kwao, walibaki Shibam, Seiyun na Tarim. Wanaume hao wakaoa hapa, na watoto wakazaliwa katika nyumba ambazo baba alikuwa mmoja na wanawake wa upande wa mama walikuwa wengi. Baba huyo alikuwa na kila kitu ambacho mzazi wa ughaibuni hutamani kuwa nacho: lugha yenye heshima kuu, lugha ya dini yenyewe, nasaba inayohesabika hadi mababu wa mbali, na fahari ya kwao isiyotikisika. Hata hivyo wanawe walikua wakizungumza Kiswahili kama lugha ya mama, na Kiarabu kikabaki chuoni na msikitini. Wabaluchi waliokuja kama askari wa Seyyid Said, aliyeitwaa Mombasa mwaka 1837, walipitia njia hiyo hiyo. Jina limebaki, msikiti umebaki, lugha imekwenda.

Sasa watazame Wabohora na Waislamu wengine waliotoka Gujarati na Kutch. Hao, walipokwisha kupata pa kusimama, waliwaleta wake, mama na shangazi zao. Wakakaa karibu karibu katika vichochoro vya Mji wa Kale na mitaa ya kandokando, wakajenga misikiti na kumbi zao, na baada ya vizazi kadhaa bado wengi wao huzungumza Kigujarati au Kikutchi nyumbani, Kiswahili cha Mvita mtaani na Kiingereza shuleni. Tofauti baina ya makundi haya haikutokana na ukali wa baba wala utukufu wa lugha, kwa maana Kiarabu kilikuwa na heshima kubwa zaidi pwani kuliko Kikutchi. Ilitokana na nani alikuwa jikoni mchana kutwa, nani alimwogesha mtoto, na nani alimwambia anyamaze alipolia usiku. Lugha ya watu hao ndiyo iliyobaki.

Msomaji makini atanizuia hapa. Atasema Washihiri walimezwa kwa kuwa walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama wenyeji wao, wakaoana nao bila kikwazo, hali Wahindi walitengwa na mila zao na pia na serikali ya kikoloni iliyogawa shule na mitaa kwa rangi. Pingamizi hili lina uzito. Kutengwa kulisaidia, sibishi. Lakini Wamemoni na Wabhadala, walio miongoni mwa Wahindi hao, ni Waislamu wa Sunni kama Waswahili, na mtaani walichanganyika nao kwa biashara na kwa swala, na bado Kikutchi chao kimedumu katika nyumba nyingi. Walichokuwa nacho ambacho Mshihiri hakuwa nacho ni nyanya wa kwao aliyekaa nao paa moja. Na Washihiri wenyewe walilifahamu jambo hili kabla ya mtafiti yeyote. Waliojaliwa mali waliwapeleka wana wao wa kiume Hadhramaut wakakae na babu na ami zao miaka kadhaa, kwa sababu waliona kwamba baba peke yake, hata awe mwanachuoni, hawezi kumtia mtoto Kiarabu katika nyumba iliyojaa Kiswahili. Leo safari hiyo imegeuka mwelekeo. Wasomali wa London na Minneapolis huwarudisha vijana wao Afrika Mashariki wakajifunze mila, jambo wanaloliita dhaqan celis, na Waswahili nao huwarudisha wao Mombasa kimyakimya. Naielewa hofu inayowasukuma wazazi hao, lakini naona safari inachelewa. Kijana wa miaka 14 anayeshushwa uwanja wa ndege wa Moi International bila ridhaa yake anakutana na wageni wanaodai haki za jamaa. Watu hao alikuwa akiwahitaji alipokuwa na miaka miwili, wakati alipokuwa tayari kumpenda yeyote anayemlisha.

Kwa nini basi hatuwi nao? Si kwa uzembe wetu tu. Sheria za nchi tunazohamia zimejengwa juu ya picha nyengine kabisa ya malezi, na Uingereza ni mfano ninaoujua. Ukisoma makaratasi, mama anayejifungua Uingereza amebahatika kuliko mwenzake wa Mombasa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 na baba wiki 2. Uingereza inampa mama hadi wiki 52, wiki 39 kati ya hizo zikiwa na malipo ya kisheria, na baba naye wiki 2. Lakini tazama yanayotendeka ndani ya likizo hizo. Mombasa mzazi hukaa arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga na supu, mtoto huogeshwa na mkono uliokwisha kuogesha wengi, naye kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Uingereza, uzazi ukiwa mwepesi, hurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake. Mkunga hupita mara chache kumtazama, baada ya wiki mbili baba anarudi kazini, na mlango unafungwa. Sheria imempa muda mwingi, haikumpa mtu. Nimewaona wanawake wenye elimu, dini na mapenzi makubwa kwa watoto wao wakidhoofika ndani ya muda huo mrefu wa kupewa, na ndugu zao wa nyumbani wakidhani ni wao wasiojua kushukuru.

Mtoto akikua kidogo, serikali inaleta msaada wa kweli. Katika England kila mtoto wa miaka 3 na 4 hupata saa 15 za chekechea bila malipo kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka. Wazazi wanaofanya kazi wanaweza kupata saa 30, na tangu Septemba 2025 saa hizo 30 huanzia mtoto anapotimiza miezi 9. Nawaheshimu waliopigania jambo hili. Tatizo ni kwamba saa hizo za ziada haziwafikii wazazi ambao viza zao zimewazuia kupokea fedha za umma, na hao ndio wahamiaji wapya walio wengi, wasio na jamaa karibu. Na hata kwa anayezipata, kuna tundu ambalo halizibiki. Shule ya msingi huwaachia watoto kama saa tisa na robo alasiri, na kazi huachilia watu saa kumi na moja au zaidi. Kwa wauguzi, madereva wa mabasi na wanaowatunza wazee majumbani, kazi wanazofanya watu wetu wengi, zamu huenda ikaanza saa hiyo hiyo ya tisa. Tononoka saa hiyo ilikuwa na mwenyewe. Ughaibuni ni saa ya mzazi mmoja kukimbia akitoka na mwengine kukimbia akiingia, wakakabidhiana mtoto mlangoni kabla hawajasalimiana.

Anayefaa kuishika saa hiyo ni nyanya, na hapa ndipo ninapoilaumu sheria waziwazi. Familia, machoni pa sheria ya uhamiaji ya Uingereza, ni mume, mke na watoto walio chini ya miaka 18. Tangu Julai 2012, anayetaka kumleta mzazi wake kuishi naye lazima athibitishe kwamba mzazi huyo, kwa uzee, ugonjwa au ulemavu, anahitaji mtu wa kumhudumia kwa mambo ya kila siku kwa muda mrefu, na kwamba huduma hiyo haipatikani kwao. Maana yake ni kwamba nyanya mwenye nguvu za kumbeba mjukuu haruhusiwi, na akishaishiwa nguvu ndipo ombi lake hufikiriwa. Akija kutembea, kwa kawaida mwisho wake ni miezi 6. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, waliokwenda kwa viza ya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa hawakuruhusiwa hata kuandamana na waume, wake au watoto wao. Nchi inayohitaji mikono ya wageni kwa wazee wake imekataa kuona kwamba mikono hiyo ilikuwa imeshika watoto. Wanasiasa huitetea sheria hii kwa hoja ya gharama: wazee hutumia hospitali. Kweli hutumia. Lakini mwanamke wa miaka 58 anayemwezesha binti yake muuguzi kufanya kazi kutwa anaongeza kitu katika hazina ya nchi hiyo, na sioni kwa nini upande huo wa hesabu hauandikwi.

Kuna wanaosema simu imeliondoa tatizo hili. Nyanya yupo WhatsApp, anamwona mjukuu kila siku, anamsimulia hadithi. Ni jambo jema na lisiachwe. Ila mamlaka ya mlezi huzaliwa katika kumwosha mtoto miguu, kumlisha na kumpeleka chooni, na mtoto wa miaka mitatu humtii anayemfanyia hayo. Wa kwenye kioo humpenda, akichoka anakizima.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na anayelea ughaibuni hana haki ya kulipita haraka. Mnamo Februari 2000 alifariki London mtoto wa miaka 8 kutoka Kodivaa, Victoria Climbié, baada ya mateso ya miezi mingi mikononi mwa shangazi wa babake na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Wazazi wake walikuwa wamemkabidhi kwa jamaa huyo kwa kutumaini atapata elimu, kwa desturi ile ile ya kumtoa mtoto kwa ndugu ambayo sisi tunaifahamu vizuri. Mtu anaweza kuuliza: je, si hivyo hasa unavyotuhimiza? Sivyo, na ripoti ya uchunguzi wa Lord Laming ya mwaka 2003 ndiyo inayonisaidia kueleza. Iligundua kwamba kulikuwa na nafasi zisizopungua 12 ambazo wafanyakazi wa ustawi wa jamii, polisi na hospitali wangeweza kumwokoa, zikapita. Lakini mbali na hao wa ofisini, tazama mtoto huyo alivyozungukwa. Hakuandikishwa shule Uingereza. Alizungumza Kifaransa katika mji wa Kiingereza. Hakuwa na nyanya, mwalimu, wala jirani mwenye kumjua kiasi cha kuuliza kwa nini leo hakuonekana. Kilichomwua ni watu wawili waovu na upungufu wa watu wengine wote. Desturi ya kumtoa mtoto kwa jamaa ilikuwa na kinga yake, nayo ni kwamba jamaa huyo mwenyewe alikuwa akitazamwa na mtaa mzima. Kinga ikiondolewa, desturi ile ile huwa hatari.

Wala sisemi mtaa mzima hauwezi kukosea. Mahakama ya watoto ya Mombasa iko Tononoka, na ukipita nje yake siku ya kazi utawaona wanawake na watoto waliokaa wakisubiri kesi za matumizi, za ulezi na za ulinzi. Kenya ilitunga sheria ya watoto mwaka 2001 na kuiandika upya mwaka 2022, na isingetungwa kama kila nyumba yenye watu wengi ingekuwa na salama. Watu wengi wanaweza pia kuficha. Mtoto akiumizwa na ami, wapo watakaosema tusitiri aibu, na wingi wao ukawa ukuta. Kwa hiyo hoja yangu ina sharti: watu wazima hao wawe na uwezo wa kuulizana. Nyumba ambayo mmoja tu ndiye asemaye, hata iwe na watu ishirini, kwa mtoto ina mlezi mmoja. Hapa naona ughaibuni una kitu cha kutufunza, kwa kuwa mwalimu wa chekechea na muuguzi wa watoto hawana ukoo wa kuusitiri. Mzazi wa Kiswahili anayewaogopa kama wapelelezi anakosa walezi wawili wazuri. Awaite kwa majina, awape mahamri, awaeleze mtoto hulala vipi na hupenda nini.

Je, hili halitatufanya tujifungie na watu wetu tu? Linategemea tunatafuta nini. Kwa uchovu wa mama, kwa usalama wa mtoto, na kwa furaha ya nyumba, mzee Mjamaika wa nyumba ya pili au familia ya Kipolandi ya ghorofa ya chini wanafaa kabisa, na nawahimiza wazazi wawatafute. Kwa lugha hawatoshi, na yafaa tuseme ukweli. Mwaka 1991 mtafiti Lily Wong Fillmore alichapisha utafiti uliohusu familia zaidi ya 1,000 za wahamiaji na wenyeji wa asili nchini Marekani, akaonyesha kwamba watoto waliotiwa katika chekechea za Kiingereza mapema huanza kuiacha lugha ya nyumbani, hata wazazi wenyewe wakiwa hawakijui Kiingereza vizuri. Mwenzake Annick De Houwer alichapisha mwaka 2007 utafiti wa familia 1,899 za Ubelgiji, akakuta kwamba karibu robo ya watoto wenye mzazi wa lugha ya kigeni hawakuizungumza lugha hiyo, na waliofaulu zaidi ni wale ambao wazazi wote wawili waliitumia nyumbani. Ni kisa cha Mshihiri na Mkutchi kikiandikwa upya kwa tarakimu. Waliotoka Zanzibar kwenda Oman baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, walikwenda familia nzima, pamoja na bibi zao. Kwa hiyo Kiswahili bado kinasikika katika majumba ya Maskati, nusu karne baadaye, ingawa shule na ofisi zote ni za Kiarabu. Sasa wajukuu wanaanza kukipoteza, na wakati huo huo mabibi wanaondoka duniani.

Kutokana na haya yote, mashauri yangu kwa wazazi vijana si ya vitabu wala madarasa ya Jumapili. Mnapochagua nyumba, chagueni watu kwanza. Wengi wetu hukimbilia nyumba yenye bustani nje ya mji mara tu mshahara unaporuhusu, tukiwaacha rafiki watatu waliokuwa wakitembea kwa miguu kuja kwetu. Nyumba hiyo inaonekana nafuu hadi ihesabiwe saa tisa za alasiri za miaka kumi. Kaeni chumba kimoja pungufu karibu na Mswahili mwengine mwenye watoto. Shikaneni zamu. Sheria ya England haikatazi: mwaka 2009 akina mama wawili marafiki waliokuwa wakileleana watoto huko Buckinghamshire waliambiwa na wakaguzi kwamba wanahitaji kusajiliwa, umma ukapinga, na serikali ikarekebisha kanuni ili rafiki wanaobadilishana zamu bila fedha wasiguswe. Anayelipwa kulea mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake kwa zaidi ya saa 2 kwa siku ndiye anayetakiwa kusajiliwa, na dada zetu wengi wangeweza kujisajili wakafanya kazi hiyo kwa heshima na kwa Kiswahili. Na mkishapeana watoto, peaneni na ruhusa ya kuwakanya. Hapa wengi hukwama, kwa kuwa tunaogopa lawama, nasi tunakumbuka kukanya kulikoandamana na fimbo. Fimbo haimo katika hoja yangu. Katiba ya Kenya ya 2010 inaikataa, Scotland imeiharamisha tangu 2020 na Wales tangu 2022. Ninachokitaka ni rafiki yako aweze kumwambia mwanao rudisha kile, omba radhi, osha mikono, na wewe usimwonee vibaya.

Limebaki jambo moja linaloniuma zaidi, nalo liko nyumbani. Mikono niliyoisifu ya Mombasa inaondoka. Si kwa maghorofa tu, ingawa nayo yanafanya kazi yake, kama yale yanayosimama Buxton, ambako nyumba za zamani zilibomolewa mwaka 2021. Inaondoka kwa ndege. Wasichana na mama vijana wa mitaa yetu wanakwenda Riyadh, Jeddah na Doha kulea watoto wa watu, chini ya utaratibu wa kafala ambao kwa miaka mingi ulimfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na watoto wao wenyewe wanaachwa Majengo, Tononoka na Kisauni kwa nyanya zao. Tunapozungumza juu ya familia za ughaibuni tunawasahau hawa, kwa kuwa mtoto hakusafiri. Lakini nyumba yao imevuka bahari kama yetu, na hesabu ya watu wazima imepungua vilevile, wakati mwengine hadi mwanamke mmoja mwenye kisukari na wajukuu wanne. Fedha zinazotumwa huelekezwa haraka kwenye kiwanja, mabati na simiti, na naelewa, maana aliyeko kule anataka aone matunda ya jasho lake yamesimama. Ushauri wangu kwa dada hao, na kwa kaka zao wanaozishika fedha hizo, ni kwamba sehemu yake ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya tofali lolote, imlipe mtu wa pili wa kukaa na nyanya: halati asiye na kazi, binamu aliyemaliza shule, jirani mwenye moyo. Alipwe kwa jina, tarehe ijulikane, na mtoto aambiwe kwamba huyu ni mtu wake.